Binti wa Chitete anayewajua abiria wa meli kwa mwendo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, vumbi la zizi limeshafika usawa wa kiuno. Mzee Zabron Makene anavuta miti mitatu iliyolala kwa upana mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wanaanza kutoka wakisukumana. Upande wa pili wa mlango amesimama binti yake Kabula, miaka ishirini na saba, ndani ya koti la rangi ya machungwa lenye picha ya meli mgongoni.

Baba anaangalia, binti anaangalia. Mwandishi wa makala haya, ambaye hana adabu za zizini, anaanza kuhesabu kimoyomoyo. Anafika thelathini na nane.

"We kijana, hiyo midomo inafanya nini?" anauliza mama wa nyumba hii, Dina, akiwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Nahesabu, mama."

"Hee! Acha, acha kabisa! Umetoka Tunduma jana, unataka tuzike ng'ombe leo?"

Mwandishi anaomba radhi. Kabula anacheka mpaka anashika mti wa zizi. Ng'ombe wa mwisho anapopita, anageuka kwa baba yake na kusema, "Yule mwenye doa jeupe begani anauonea huruma mguu wa nyuma, wa kushoto."

"Nimemwona," anajibu mzee. "Mwiba. Tutautoa mtoni."

Basi, ukaguzi umekwisha. Ng'ombe wote wapo, na idadi yao haijui mtu. Hivyo ndivyo familia hii ya wafugaji, waliohamia bonde la Momba wakitokea Usukumani miaka zaidi ya ishirini iliyopita, inavyochunga mali yake. Na hivyo ndivyo Kabula alivyokwenda kuchunga Wazungu baharini, akapata barua mbili za onyo ndani ya miezi mitatu.

Kabula ni mhudumu katika meli ndogo ya kitalii inayopita pwani yetu kuanzia Oktoba hadi Aprili. Si zile meli kubwa kama mtaa mzima. Hii inabeba abiria mia moja na kumi, wengi wao wazee wenye pesa zao na miwani mizuri, na inaingia mahali ambapo meli kubwa haziendi: Tanga, Pemba, Kilwa, Lindi, Mikindani, kisha Msumbiji na visiwa vya Komoro. Kampuni ameomba isitajwe jina, maana bado anaitegemea.

Na anaitegemea kweli. Mkataba wake wa kwanza uliisha Aprili. Aliambiwa kwamba kwa sababu faili lake lina barua mbili, makao makuu yataamua kama arudi au asirudi, na jibu litatumwa kabla Agosti haijaisha. Siku tuliyomtembelea ilikuwa tarehe ishirini na tisa.

"Kila jioni napanda kale kamlima," anasema, akionyesha kilima cha mawe nyuma ya nyumba, dakika ishirini kwa miguu. "Huku chini simu ni tochi tu. Kule juu inashika. Jana nimepanda, hakuna. Juzi, hakuna. Nikikosa hii kazi narudi Tunduma kutandika vitanda vya madereva wa malori. Siyo kazi mbaya. Lakini nimeshaiona bahari, utaniambia nini?"

Safari ya kwenda kwao si ya kumwombea adui. Ukitoka Tunduma hadi Chitete, makao makuu ya wilaya ya Momba, barabara inakutikisa mpaka unakumbuka dhambi za utotoni. Kutoka Chitete hadi hapa ni bodaboda, na dereva wa bodaboda anakuambia ushuke kila penye mchanga. Kiangazi hiki mto umebaki madimbwi. Ni mbali na bahari kuliko unavyoweza kueleza.

Kabula alisoma sekondari hapa hapa wilayani, akapata kozi ya hoteli ya mwaka mmoja Mbeya, kisha akaajiriwa katika nyumba ya wageni Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Zambia. Mshahara ulikuwa shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi, chakula juu yao. Miaka mitatu alitandika vitanda, akajifunza Kibemba cha salamu na Kiingereza cha kugombana.

"Dereva wa Zambia akiamka unamwambia 'mwashibukeni mukwai', anafurahi. Mchana huo huo anakataa kulipa taulo alilochoma kwa pasi. Hapo Kiingereza kinakuja chenyewe," anasema.

Ni katika nyumba hiyo ambapo mgeni mmoja, wakala wa mizigo aitwaye Fortunata, alimwambia kwamba kuna kampuni inatafuta wahudumu wa meli jijini Dar es Salaam, na kwamba wanataka watu wanaojua kazi kuliko wanaojua kujisifu. Mafunzo ya usalama baharini yalihitaji ada, nauli na mahali pa kulala. Mzee Makene aliuza ng'ombe wanne.

"Hakuniuliza nitawarudisha lini," anasema Kabula. "Aliniuliza, hiyo bahari ina mwisho? Nikasema sijui, baba. Akasema basi ukifika angalia."

Kwenye mafunzo kulikuwa na bwawa la kuogelea. Binti huyu hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti. "Niliyanywa yale maji ya bwawa kuliko maji niliyokunywa Momba kiangazi kizima. Mwalimu akaniambia, wewe dada, bahari hutaimaliza kwa kunywa." Alifaulu mara ya pili.

Asubuhi, kazi yake melini ni ileile ya Tunduma: vitanda, mataulo, vyoo. Tofauti ni mshahara, dola mia sita na hamsini kwa mwezi, na wageni wanaosema asante. Kazi iliyomletea balaa ni ile ya mchana.

Katika bandari hizi ndogo meli haigusi ardhi. Inatia nanga mbali, na abiria wanashushwa ufukoni kwa boti za mpira, kumi kumi. Kila abiria ana kadi. Akishuka ngazi ya meli, kadi inapitishwa kwenye mashine, mashine inalia. Akirudi, inalia tena. Ufukoni anabaki mfanyakazi mmoja ambaye ndiye wa mwisho kuondoka, na kazi yake ni kuhesabu watu wanaorudi ili asiachwe mtu. Kabula alipangwa ufukoni kwa sababu anajua Kiswahili cha kuzungumza na wenyeji.

"Bosi wangu, Mfilipino, mtu mzuri tu, akaniambia: hesabu vichwa. Kwa sauti, kwa kidole. Nikaitika. Sikuhesabu hata kimoja," anasema.

Hapa Kabula anapunguza sauti na kutazama upande wa zizi, ambako baba yake anafunga kamba ya ndoo. Kwao, mtu hahesabu kitu chenye uhai, kisije kikafa. Ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza Mzee Makene ana watoto wangapi atakuonyesha: ni hawa. Kabula anasema hakuwa anaamini kwamba kidole chake kinaua watu. Ila kilipofika wakati wa kukinyoosha, kilikataa.

"Basi nikawaangalia tu, kama hivi ulivyoona asubuhi. Wakati wanashuka nawaangalia, wakati wanapanda nawaangalia. Nawajua. Yule mwekundu mrefu, yule mwenye ndevu nyeupe, wale wawili wanaovaa sawa. Bosi akiuliza 'wangapi?', namuuliza Irene kwenye redio mashine inasemaje, halafu namjibu vilevile."

Irene ni mwenzake wa chumba, msichana wa Tanga, ambaye hukaa na mashine juu ya ngazi. Mpango huo ulikwenda vizuri kwa wiki saba. Tanga, sawa. Pemba, sawa. Mikindani, sawa. Kisha ikaja Lindi, mwezi Desemba.

Wazungu walitembea mjini kwa saa tatu. Jioni, boti ya mwisho ikiwa imejaa ufukoni, Kabula akaangalia. Mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya buluu hayupo. Na mbaya zaidi, ndani ya boti yuko mtu asiyemjua.

"Nikasema kwenye redio: mmoja amepotea, na mmoja amezidi!"

Boti ikasimamishwa. Wakaitwa waongoza wageni. Watu wakashuka, wakagawana mitaa, wakaingia sokoni, wakauliza msikitini, wakauliza kituo cha polisi: nani amemwona mzee wa Kizungu mwenye ndevu? Maji yakawa yanakupwa. Zikapita dakika arobaini. Boti ikakaa juu ya mchanga, ikabidi isukumwe na wavuvi waliocheka hadi basi.

Mzee mwenyewe alikuwa palepale. Alikuwa amepita kinyozi, akanyoa ndevu zote, akanunua kanzu na kofia iliyoshonwa kwa mkono, akampa yule kinyozi kofia yake ya buluu. Masikio yake hayasikii vizuri. Aliposikia kuna mtu amepotea aliingiwa na huruma, akashuka naye.

"Alikuwa anasaidia kutafuta," anasema Kabula, na hapa inabidi asubiri kicheko kimwishe. "Alitembea na mimi! Anauliza watu na yeye! Mpaka Irene aliposema kwenye redio waiteni majina chumba kwa chumba, ndipo mkewe aliyekuwa kwenye boti akasema, jamani, mume wangu si huyo hapo?"

Melini chakula kilichelewa, nahodha alikasirika, na Kabula akaandikiwa barua ya onyo. Hakuilalamikia. Kosa lilikuwa lake na analijua lilipotoka.

"Ng'ombe habadilishi ngozi. Ukimzoea kwa rangi umemzoea mpaka afe. Binadamu anabadilisha kila bandari. Anashuka na suruali anarudi na kikoi. Mimi nilikuwa nawasoma kama ng'ombe, kwa rangi. Ujinga mtupu!"

Baada ya barua alipewa kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, kila mtu bonyezo moja, na akasaini karatasi kwamba atakitumia. Siku ya kwanza alibonyeza macho yakiwa yamefumba nusu.

"Nilisubiri wiki nzima mtu afe. Wale ni wazee, wana presha, wana sukari. Kila nikisikia mtu anakohoa usiku nasema ni mimi. Hakufa mtu. Basi nikaendelea." Anatazama tena upande wa zizi. "Hilo la kidude mzee halijui. Lindi anaijua, anaicheka kila siku. Kidude hapana. Usiniandikie vibaya."

Tumemweleza kwamba gazeti linasomwa. Akafikiri kidogo. "Andika," akasema. "Mpaka lifike Chitete nitakuwa nimeshamwambia mwenyewe."

Lakini pamoja na kubonyeza, hakuacha kuangalia. Alibadilisha tu mahali pa kuangalia. Akaacha nguo, akaacha ndevu, akaanza kuangalia miguu: nani anakanyaga kisigino kwanza, nani anarusha mkono mmoja, nani anapanda boti kwa goti. Ndani ya siku mbili za safari mpya, anasema, alikuwa anawajua wote mia na kumi hata wakimpa mgongo.

Mama Dina anashangaa kwamba tunashangaa. "Baba yake ndivyo anavyonijua mimi nikitoka kisimani, na giza limeingia," anasema. "Mwendo haubadilishwi na kanzu."

Ikaja Kilwa, mwezi Machi.

Siku hiyo walishuka watu tisini na sita kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Wengine waliishia msikiti mkuu wa kale. Wengine walikwenda hadi Husuni Kubwa, jumba la kale lililo mbali kidogo, ukipita mashamba na vichaka. Miongoni mwao walikuwa dada wawili wa Kijerumani wa chumba namba 214. Mdogo aliumwa kichwa mapema, akarudi na boti ya kwanza. Mkubwa, mwenye miaka sabini na mmoja, aliendelea na matembezi. Ni mama mwenye kuburuta kidogo mguu wa kushoto.

Saa kumi jioni, boti ya mwisho ilikuwa tayari. Kidude cha Kabula kilisomeka tisini na tano. Mashine ya melini ilisema themanini na sita wamerudi; ukijumlisha kumi waliokuwa ndani ya boti, tisini na sita.

"Irene akaniambia, Kabula wote wametimia, panda uje. Nikamwambia hapana, amebaki yule mama wa mguu. Akaangalia mashine: chumba 214, wote wawili wamerudi. Akaniambia wewe, mashine inasema!"

Bosi akaingia kwenye redio. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Hii ni Lindi nyingine?"

Barua moja iko kwenye faili. Ya pili ni safari ya kurudi nyumbani. Abiria kumi wanamtazama kutoka kwenye boti, wengine wameshaanza kuguna. Kidude kingeweza kukosea, kidole gumba chake si malaika. Bosi akarudia: panda boti, hiyo ni amri.

"Nikajiuliza, nimemwona akirudi? Sijamwona. Kumi wa kwanza nawakumbuka, kumi wa pili nawakumbuka. Ule mguu haujapita mbele yangu. Nikamwambia, bosi, basi na mimi sipandi. Tuandike wawili tuliobaki. Nikashuka majini, nikaisukuma boti iende."

Nyumbani, anaeleza, ng'ombe akibaki nyuma porini anabaki naye mtu. Haendi mtu kumwambia baba kuna ng'ombe amebaki, kesho tutamfuata. Kesho hakuna ng'ombe.

Mwongoza wageni mmoja wa kisiwani alikubali kurudi naye. Walitembea haraka hadi Husuni Kubwa. Mama alikuwa amekaa chini ya ukuta kwenye kivuli, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba kama embe. Alirudi nyuma kupiga picha moja ya mwisho, akateleza, na wenzake hawakumwona. Hakuwa amelia wala hakupiga kelele. Alikuwa anakula karanga.

"Akaniambia, nilijua mtaniona sipo. Nikasema ndani ya moyo wangu, mama, laiti ungejua."

Walimbeba kwa zamu, Kabula na yule mwongoza wageni, mgongoni, mpaka ufukoni. Meli iliondoka Kilwa ikiwa imechelewa kwa saa moja na dakika ishirini.

Kadi ndiyo iliyodanganya. Dada mdogo alikuwa na mkoba uliobeba kadi zote mbili. Alipofika kwenye ngazi, kwa uchovu na maumivu ya kichwa, alizitoa zote, zikapitishwa zote, mashine ikalia mara mbili. Akameza dawa akalala.

Mtu angetegemea sherehe. Nahodha alimshika Kabula mkono, wale dada walimlilia begani, na siku mbili baadaye akapewa barua ya pili: kukaidi amri ya msimamizi kwenye redio, mbele ya abiria. Bosi wake ndiye aliyemkabidhi, akamwambia kwa unyonge kwamba kanuni ni kanuni na kwamba ameandika maelezo yake pembeni.

"Niliumia," anasema Kabula bila kupepesa macho. "Niliumia sana. Lindi nilikosea wakaniandikia, sawa. Kilwa sikukosea. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikaenda kutandika vitanda."

Dada wa chumba 214 waliiandikia kampuni. Kabula naye aliandika kurasa tatu, kwa Kiingereza chake cha Tunduma, akiomba barua ya pili ifutwe na akapendekeza jambo moja: kila abiria apitishe kadi yake kwa mkono wake, na mfanyakazi amtazame usoni kabla mashine haijalia. Alituma, meli ikafika mwisho wa safari zake, akarudi nyumbani. Tangu hapo ni kupanda kilima na kushuka.

Mchana wote wa ziara yetu Kabula alifanya kazi kama asiyengoja kitu. Alichota maji kwenye visima vilivyochimbwa mchangani mtoni, akamshika kichwa ng'ombe mwenye doa wakati baba yake akimtoa mwiba, akapika ugali na mlenda. Mara mbili aliunguza mkono. Mama Dina alitwambia pembeni kwamba binti hali vizuri tangu Agosti ianze.

"Na mzee?"

"Mzee hasemi. Lakini nikwambie. Miezi yote Kabula yuko huko baharini, jioni ng'ombe wakishaingia huyu mzee hafungi zizi. Anaweka miti miwili, wa tatu anaushika mkononi, anasimama. Namwambia, baba Kabula, funga, fisi hawa. Ananijibu, bado mmoja. Namwambia ng'ombe wote wameingia! Anasema najua." Mama Dina anafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Siku Kabula aliporudi Aprili ndipo alipofunga mapema."

Saa kumi na moja na nusu jioni Kabula alivaa koti lake la machungwa, akachukua simu, akapanda mlimani. Mwandishi aliomba kufuatana naye, akakataliwa. "Nikilia nataka nilie na mawe," alisema.

Ng'ombe walirudi. Vumbi likapanda tena. Mzee Makene alisimama mahali pake, akawaangalia wakiingia, akaweka mti wa kwanza, akaweka wa pili. Wa tatu akaushika kama mkewe alivyosema, ncha moja chini, akatazama mlima.

Jua likiwa linagusa miti, doa la machungwa likaonekana likishuka. Lilikuwa mbali mno kuona uso. Mzee alitazama kama dakika mbili nzima, kisha akaachia pumzi iliyosikika.

"Wamemrudisha kazini," alisema.

"Umejuaje, mzee?"

"Si unaona anavyotembea?"

Mwandishi hakuona kitu zaidi ya koti. Lakini Kabula alipofika alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja, na maneno yake yalitoka bila mpangilio. Mkataba wa miezi saba. Kazi ileile, mshahara uleule. Aripoti Tanga tarehe kumi na nane Oktoba. Kuhusu kadi, pendekezo lake limekubaliwa, litaanza na safari ya kwanza. Barua ya Kilwa imefutwa.

"Na ya Lindi?" aliuliza mama yake.

"Ya Lindi imebaki."

Mama Dina alipiga kigelegele kilichowashtua ndama. Mzee Makene alicheka kwa mabega tu. "Hiyo ya Lindi ni haki yao," alisema, kisha akashukuru kwa Kisukuma: "Wabeja sana. Unakwenda, basi."

Kabula alisema mpango wake ni mmoja. Mwezi Februari meli itakaa Mtwara siku mbili, naye anataka wazazi wake wasafiri waione bahari, nauli ataituma yeye. Baba akauliza ng'ombe watakaa na nani. Binti akajibu kwamba ameshaongea na baba yake mdogo. Mzee akaonekana kutafuta kikwazo kingine na kukikosa.

"Hiyo meli yako," akasema mwishowe, "inabeba watu wangapi?"

Kabula alitazama chini, akamtazama mama yake, akamtazama hata mwandishi.

"Mia na kumi, baba."

"Waliokwambia ndio waliowahesabu?"

"Nawahesabu mwenyewe. Tangu Lindi. Kuna kidude wamenipa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata siku ile ya Kilwa nilihesabu. Nilikuficha."

Ng'ombe mmoja alikohoa ndani ya zizi. Mzee Makene aligeuza ule mti mkononi, akaufuta vumbi kwa kiganja.

"Wale ni watu wa wenyewe," akasema. "Wana kwao, wanasubiriwa. Wahesabu, mama. Wahesabu vizuri, mpaka wa mwisho."

Kabula aliitikia kwa kichwa, akapita katikati ya baba yake na mlango wa zizi kwenda kumsaidia mama yake moto. Mzee alimwangalia miguu mpaka alipoingia jikoni. Kisha akainua mti wa tatu, akafunga.